Fundo la Nyavu Nyuma ya Redio

Kalemie, 14 Novemba 2016

Daftari hili lilikuwa la kazi za ateliye, karakana yetu ya redio. Kurasa za mbele zina mwandiko wa Alfani, mume wangu: jina la mtu, chombo chake, ugonjwa wa chombo. Mimi nimeligeuza, naanza kwa nyuma. Leo ni siku ya kumi na moja tangu moyo wake usimame. Zimebaki siku mia na kumi na saba za edda, na siku zote hizo sitavuka ua wa lupango, kiwanja cha nyumba yetu.

Niseme ukweli, nimeanza kuandika kwa hasira. Asubuhi amekuja shemeji yangu Abdoul-Karim, kaka mkubwa wa marehemu, anayeuza nyavu sokoni. Alikaa upande wa pili wa pazia, akakohoa, akasema: "Shemeji, edda ikiisha tutauzisha vyombo. Ateliye bila fundi ni mabati tu. Weye utakuya kukaa kwangu, hautakosa kitu."

Nikajibu, "Sawa, kaka." Sawa gani? Akaondoka na ufunguo wa mlango wa mbele wa ateliye.

Hajui. Hakuna anayejua isipokuwa mimi na aliye chini ya udongo. Miaka tisa Alfani alipokea redio mbele, akacheka na wateja, kisha akazileta huku nyuma ya pazia, na mimi ndiye niliyezifungua na kuzilehemu. Ilianza mikono yake ilipoanza kutetemeka. Alisema watu hawatamletea mwanamke redio zao. Nilikubali, nilikuwa kijana na nilimpenda. Kwenye matanga Abdoul-Karim alisimama mbele ya watu akasema Kalemie nzima haina mkono kama wa ndugu yake. Nilikuwa chumbani nalia, na sehemu ya machozi yale ilikuwa ya maneno hayo.

15 Novemba

Mvua mchana kutwa.

19 Novemba

Amekuja Papa Onésime, mwalimu wa kwaya aliyekimbia kutoka Kiambi mwaka huu vita vilipofika kwao. Ana Corolla ya mwaka 1994, ya Japani, usukani upande wa kuume. Mwezi wa kumi alimpa Alfani kazi: simu yake iimbe ndani ya redio ya gari bila waya, kwa bluetooth, na redio ibaki ileile iliyotoka nayo kiwandani. Alfani alimwambia itawezekana. Alfani alimwambia kila mtu itawezekana.

"Nimekuya kuchukua redio yangu, Mama Zabibu," alisema nyuma ya pazia. "Hata kama iko vipande-vipande, nitabeba vile vile."

Redio ilikuwa mezani kwangu, tumbo wazi.

"Iache, Papa. Kazi itaisha."

"Njo nani ataimaliza?"

"Ateliye itaimaliza."

Nikamuuliza kwa nini hanunui redio mpya, zimejaa sokoni, zina bluetooth yake tayari.

"Mupya inang'aa, Mama. Kwa bariere ya njiani, kitu chenye kung'aa kinashuka na askari. Hii ya zamani, maandishi ya Kijapani, mulango wa kaseti, nani ataitamani?"

Kisha akanieleza kwaya yake. Walikuwa watu ishirini na sita. Sasa wengine wako Kabalo, wengine kambini hapa, wengine hajui. Kila anayempata anamwomba aimbe sehemu yake kwenye simu na kumtumia. Spika ya simu ni ndogo, sauti nene zote zinapotea. Alikuwa amejaribu kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la sigara, kinachorusha sauti kwa FM, lakini redio ya Japani haipandi zaidi ya tisini, na chini ya tisini alipata mikwaruzo tu.

"Nataka kuwasikia wote pamoja," alisema. "Mara moja tu, kama kule."

Nikifanikiwa, nitakuwa na kazi moja mkononi ya kumwonyesha Abdoul-Karim. Nikishindwa, mabati yauzwe.

29 Novemba

Nimepata mpango wa Alfani. Ulikuwa chini ya meza, umechorwa mgongoni mwa katoni ya chai. Waya unatoka kwenye kadi ya bluetooth moja kwa moja hadi kwenye chipu inayosukuma spika. Nimeusoma mara tatu. Si sahihi. Hakuna kapasita katikati, na siku ya kwanza ya kuwasha, chipu ingeungua. Chipu ya redio ya namna ile huipati Kalemie hata ukisali rakaa mia.

Nilicheka, kisha nikalia. Sasa nakumbuka kwamba kila alipoleta mchoro, nilibadilisha kidogo bila kumwambia, naye hakuuliza. Miaka tisa nikidhani yeye ndiye akili na mimi ni vidole. Nimemkasirikia marehemu leo, Mungu anisamehe, na bado jioni nilimtengea kikombe cha chai kwa kusahau.

3 Desemba

Umeme hakuna. Nimepasha chuma cha kulehemu kwenye makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa. Kinashika, ila inabidi uwe mwepesi.

9 Desemba

Ijumaa. Abdoul-Karim ameacha unga mlangoni, kama Ijumaa iliyopita. Ametoa salamu tu, akaenda. Bepari mwenye huruma ni bepari bado.

11 Desemba

Redio hii haina tundu la kuingizia sauti ya nje. Njia iliyobaki ni ile inayopita sauti ya kaseti, kabla haijafika kwenye kitufe cha kuongeza na kupunguza. Lakini redio haifungui njia hiyo mpaka kaseti iwe ndani na izunguke. Kwa hiyo nahitaji kaseti inayozunguka bila kusema kitu.

Kwenye sanduku la Alfani kuna kaseti kumi na mbili. Kumi na moja ni za kasida, sizigusi. Ya kumi na mbili ni hotuba ya mgombea mmoja aliyegawa kaseti bure kipindi cha kura. Nimeupitisha utepe wote juu ya sumaku ya spika iliyokufa, taratibu, mpaka ahadi zote zikafutika. Sasa anazunguka kimya. Ni mara ya kwanza mtu yule anatufaa.

20 Desemba

Milio ya bunduki upande wa barabara ya Bendera tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kisha mvua, na yote ikanyamaza. Kadi ya bluetooth aliyoiagiza Alfani imefika na boti kutoka Kigoma, ndogo kuliko kiberiti.

27 Desemba

Nimelehemu kadi, kapasita mbili za kulinda chipu, na matumbo ya chaja ya simu ili kuishusha betri ya gari hadi volti tano. Waya zote nimezifunga kwa uzi wa nyavu. Utepe wa skochi unalegea kwa joto la gari, uzi haulegei. Baba yangu, Mahmoudi, alishona nyavu za watu miaka arobaini, na kila mshona nyavu ana fundo lake. La baba lilikuwa mizunguko miwili na kuvutia kushoto. Mimi sijui kufunga jingine.

8 Januari 2017

Papa Onésime ameleta gari ndani ya lupango, nami nikamwelekeza nikiwa nyuma ya pazia jinsi ya kuirudisha redio mahali pake: skurubu nne, plagi mbili. Akaniachia gari na ufunguo, akaenda zake kanisani. Nikajitanda, nikaingia garini kupima.

Hapo nikakwama. Redio haipimwi kwa kimya. Muziki nimejizuia mpaka edda iishe, na Kurani si kitu cha kupimia spika. Nikakumbuka kwamba juzi nilirekodi mvua kwenye simu ya Alfani, ile kubwa iliyopiga mabati, kwa sababu tu ilinipendeza. Nikaiwasha. Nikapandisha sauti. Gari zima likajaa mvua, nene, safi, na nikafumba macho kwa furaha.

Nje nikasikia: "Mvua! Mvua inakuya! Mukusanye ndakala!"

Ni Mama Adrienne, jirani yangu, anayekausha samaki wadogo kwenye mikeka upande wa pili wa ua. Wanawake wanne walikuwa wanakimbia na mabeseni, wanazoa ndakala kwa mikono miwili, mmoja ameangusha kitenge. Jua linawaka. Nikazima. Mvua ikakatika palepale. Wakasimama, wakaangalia mbinguni, hakuna wingu. Mama Adrienne akaleta kichwa juu ya ua.

"Zabibu! Njo weye unanyesha?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sijacheka hivyo tangu Novemba. Alipomaliza kunitukana akaangalia bisibisi mkononi mwangu.

"Na hii redio, njo weye unatengeneza?"

"Natazama tu, dada."

"Mm," akasema, akarudi kwenye mikeka yake.

9 Januari

Mama Adrienne, asubuhi, juu ya ua: "Mama, leo utanyesha saa ngapi? Nianike ama nisianike?"

10 Januari

Aibu. Papa Onésime amewasha injini, na ndani ya sauti kukaingia mlio kama wa nyuki. Akikanyaga mafuta, nyuki wanapanda, akiachia, wanashuka. Injini ikizimwa, sauti ni safi. Nikamwomba siku tatu.

"Siwezi, Mama. Wamenipigia. Lucie, mwenye kuimba sauti ya juu, ameonekana kijiji kimoja njia ya Bendera. Naenda kumuchukua kesho."

Nilimwambia barabara ni mbaya. Akasema anajua, na akaondoka na nyuki wangu.

13 Januari

Hajarudi. Ijumaa, unga.

15 Januari

Hajarudi. Watu wanaingia mjini na magodoro kichwani. Mama Adrienne ametoka kambini kugawa ndakala, akaniambia jambo: nyumba ya Abdoul-Karim imejaa. Amepokea jamaa kumi na tisa waliokimbia upande wa Nyunzu, wanalala mpaka kwenye stoo ya nyavu, juu ya nyavu zenyewe. Na bado kila Ijumaa analeta unga hapa. Nimesoma tena nilichoandika tarehe tisa Desemba. Sitakifuta, ila nimeona haya.

17 Januari

Hajarudi. Mvua.

18 Januari

Hajarudi. Nasikia nyuki masikioni hata gari halipo. Nimejiuliza kama mlio ule ulimfanya mtu fulani kwenye bariere aitazame redio vizuri zaidi. Kama ni hivyo, kosa ni langu.

21 Januari

Amerudi! Gari lina matope mpaka kwenye vioo. Askari wa bariere walimchukulia tairi ya akiba, jeki, na sabuni. Redio waliiangalia.

"Askari alisema, 'Papa, hii redio ni ya babu yako?' Nikasema ndiyo. Wakacheka, wakafungua kamba ya bariere."

Na nyuma yake, kwenye kiti, alikuwa Lucie, dada wa miaka kama thelathini, ameshika kiatu kimoja. Mama Adrienne amempeleka kwake akaoge. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikasujudu pale pale kwenye udongo wenye maji.

30 Januari

Joto. Mawazo hayaji.

4 Februari

Nimeelewa. Kadi na redio zinashikana njia mbili: kwenye umeme na kwenye sauti. Kelele za injini zinapita hapo na kuzunguka. Inabidi njia ya sauti ikatwe, lakini sauti ivuke. Kwa hilo vinahitajika vitransfoma viwili vidogo, ukubwa wa punje ya mahindi, vya namna iliyokuwa ndani ya simu za zamani za mezani.

Nani atakuwa navyo Kalemie, vita hivi?

5 Februari

Alfani. Chini ya kitanda, kwenye gunia. Simu mbili za biro, ofisi fulani, zilizotupwa, alizibeba nyumbani nami nikamgombeza, nikasema nyumba si jalala. Alisema, "Iko siku." Siku yenyewe ni leo. Nimemsamehe mchoro wake. Tulikuwa mafundi wawili, mmoja wa mdomo na wa kuokota, mmoja wa mikono, na kila mmoja alimficha mwenzake kidogo.

20 Februari

Nimefunga fundo la mwisho. Papa Onésime, aliyeniachia redio tangu aliporudi, ameirudisha garini, akawasha injini, akakanyaga mafuta mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Kimya. Nyuki wamehama. Nikamwomba acheze mvua ya simu ya Alfani, maana muziki bado. Mvua safi. Kutoka upande wa pili wa ua: "Safari hii sidanganyiki!"

Papa Onésime akazima, akaja karibu na pazia.

"Mama, niambie. Nani ametengeneza?"

Nilitaka kusema ateliye. Mdomo ukasema, "Miye."

"Nilijua," akasema. "Tangu siku ya nyuki. Uliomba siku tatu, hukuomba siku tatu za kumutafuta fundi." Kisha: "Nimuambie Abdoul-Karim?"

"Hapana. Atasema ninatetea nafasi yangu, na weye unanihurumia."

24 Februari

Abdoul-Karim, na unga. Leo nilimwita kabla hajaondoka. "Kaka, nimesikia mizigo yako. Mungu akusaidie." Kisha akasema amepata mnunuzi, Pierre, atakuja siku edda inaisha. "Ninaogopa, shemeji. Mambo yakizidi, kitu gani kitakulinda huku peke yako? Vyombo vinaoza, hakuna mukono wa kuvitumikisha." Hamtakii mtu mabaya. Haoni tu.

3 Machi

Mvua. Siku nane.

11 Machi

Edda imeisha. Shangazi zangu wamekuja alfajiri, wameniogesha, wamenivalisha kitenge kipya. Mama Adrienne ameleta beseni la ndakala na kelele nyingi. Saa nne nilitoka nje ya pazia kwa mara ya kwanza mbele ya wanaume, na jua likaniumiza macho.

Abdoul-Karim alikuwa amekwisha fungua mlango wa mbele. Pierre, mtu mwenye kalamu mfukoni, alikuwa anageuza-geuza vyombo. Papa Onésime akaingia na gari lake mpaka mlangoni, Lucie kando yake. Sikumwita. Alisema amekuja kunionyesha kitu, kwa kuwa sasa ninaruhusiwa muziki.

Akabonyeza kaseti ya mgombea ndani, akashika simu yenye sauti alizozipanga pamoja, na redio ya mwaka 1994 ikaimba. Kwanza sauti za wanaume, kutoka Kabalo, zikiwa na kelele za treni nyuma. Kisha sauti nne za kambini. Kisha moja ya juu, nyembamba, isiyotetemeka. Lucie alikuwa anajitazama mikono. Wengine hawakuwemo, palipokuwa pao palikuwa na tundu, na Papa Onésime alipunga mkono kwenye matundu yale pia, kana kwamba wamesimama pale. Ulikuwa muziki wangu wa kwanza baada ya siku mia na ishirini na nane. Nililia, na sikujificha.

"Lo," Abdoul-Karim akasema. "Redio ya zamani vile? Imefanywaje?"

"Uone mwenyewe," Papa Onésime akasema. Skurubu nne, akaivuta redio mbele.

Abdoul-Karim ana macho mabovu ya karibu. Alifanya anavyofanya na nyavu sokoni: akaingiza mkono, akapapasa. Vidole vyake vikapita juu ya waya, vikasimama. Vikarudi. Vikapapasa fundo la pili, na la tatu. Nimemwona akifanya hivyo mara elfu mbele ya duka lake, na humtajia mwenye wavu aliyeushona bila kuuliza.

Aliniangalia. Akatoa mkono, akamwambia Pierre, "Rudi siku ingine," akafunga mlango wa mbele, akaondoka na ufunguo.

Sijui maana yake. Hakunieleza, na wazee wanasema kimya kingi kina mshindo.

12 Machi

Amekuja saa mbili asubuhi. Alikuwa amekumbatia redio yake, ile kubwa ya mbao aliyokuwa akijivunia miaka sita kwamba ndugu yake aliifufua. Aliiweka mezani. Mgongo wa redio ulikuwa umefunguliwa. Alikuwa ameufungua mwenyewe, vibaya, skurubu moja imeharibika. Ndani, waya zote zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa nyavu, mizunguko miwili, zimevutwa kushoto.

"Fundo ya Mzee Mahmoudi," akasema. "Lakini Mzee alikufa zamani, mbele ya hii redio kuharibika."

"Ndiyo, kaka."

"Na ya imamu? Na ya mukubwa wa bandari?"

"Zote zenye fundo."

Akakaa juu ya kiti cha Alfani, kile cha mbele. Akajifuta uso kwa mkono.

"Nilisema mbele ya watu kwamba hakuna mukono kama wa ndugu yangu. Kwa nini ulininyamazia, shemeji? Kidogo niuze mukono wenyewe."

Nilimwambia ukweli: sikudhani angeniamini kwa maneno. Akatikisa kichwa, si kwa kukataa. Kisha akatoa ufunguo, akautundika kwenye msumari wake wa zamani karibu na mlango. Wakati ule ule kijana mmoja mwanajeshi akasimama mlangoni na redio ndogo chini ya kwapa, akauliza fundi yuko wapi. Abdoul-Karim akanyoosha mkono kuelekea pazia kwa mazoea ya edda, akaurudisha, akaunyoosha kwangu.

"Fundi njo huyu."

Mchana nimeshusha pazia. Mama Adrienne ameliomba afunikie ndakala siku za mvua za kweli, nimempa. Meza yangu sasa iko mbele, chini ya dirisha.

Kisha nimeligeuza daftari. Chini ya mstari wa mwisho wa Alfani, unaosema "Onésime, Corolla, itawezekana", nimeandika: "Imewezekana." Na chini yake, kazi ya kwanza: Abdoul-Karim, redio ya mbao, skurubu moja imeharibiwa na mwenyewe. Fundi: Zabibu binti Mahmoudi.